Jinsi ya kuchora ukuta wa jengo la maduka Kigoma: mwongozo kamili kuanzia ukuta mtupu

Ukuta unaotazama ziwa hapa Kigoma unapigwa jua la mchana mpaka linapozama nyuma ya milima ya Kongo, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne unapigwa mvua, na mwaka mzima kuna unyevu unaopanda toka chini kimya kimya bila mtu kuuona. Naanza na hilo kabla ya rangi na kabla ya mchoro, maana karibu kila anaeniuliza namna ya kuchora jengo la maduka anaanza na "nichore nini", wakati swali la kwanza ni huu ukuta wenyewe una hali gani.

Kazi yangu ni kuchora. Nimeandika mabango ya saluni, nimechora mitumbwi, milango ya bati, na kuta za majengo ya fremu. Ukuta wangu mkubwa wa kwanza ulikuwa wa jengo la ghorofa moja, mwenye jengo alikuwa na haraka anataka afungue kabla ya Idi, lipu ilikuwa na wiki mbili tu, nikamwambia bosi hii lipu bado mbichi, akasema wewe chora tu. Nikachora kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ikapendeza kweli, watu wakapiga picha mpaka usiku. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipoingia rangi ikaanza kuvimba, ukigusa inateleza, alafu ikawa inabanduka vipande vipande kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Kazi ya wiki tatu ikaisha hivo, na mwenye jengo akapaka kijivu juu yake.

Alienielewesha kilichotokea ni mama mmoja jirani yetu anaepika sabuni ya mawese. Alishika kile kipande cha rangi kilichobanduka akakisugua na maji kidogo kwenye kiganja, akaniambia mwanangu hii si imekuwa sabuni. Na ni kweli kabisa. Sabuni inatoka kwenye mafuta ukiyakutanisha na kostiki, na saruji mbichi ina ukali wa aina hiyohiyo ya kostiki, kwaiyo rangi ya mafuta ikipakwa kwenye lipu changa yenye maji ndani, mafuta ya rangi yanageuka sabuni palepale ukutani. Tangu siku ile sijawahi tena kupaka rangi ya mafuta kwenye lipu mpya, na lipu mpya naipa siku 28 angalau, masika naipa zaidi ya hapo. Mwenye jengo akikataa kusubiri, bora uiache hiyo kazi, maana jina litakaloharibika ni lako.

Hatua ya 1: Kaa na jengo kwanza

Kabla hujatoa hata kalamu, nenda pale mara tatu: asubuhi, saa saba mchana, na jioni. Simama pale ambapo watu watasimama. Ukuta wa jengo la maduka hautazamwi kama picha ya sebuleni, unatazamwa na mtu alie kwenye bajaji, na mama anaesubiri mtoto wake atoke dukani, na kijana wa bodaboda ambae atautazama masaa kumi kila siku kwa miaka. Huyo wa bodaboda ndie mteja wako mkuu na ndie atakaeulinda, kwaiyo ongea nae. Muulize wanapaki wapi, pikipiki zinaegemezwa wapi, maji ya mvua yanapita wapi, nani anamwaga maji machafu na upande gani. Mambo hayo mwenye jengo hayajui, yeye anakuja kuchukua kodi anaondoka.

Hili la kuweka sanaa pale ambapo watu wanakaa na kupita sio jipya. Mwaka 1956 kule Minnesota, Marekani, msanifu Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alifungua jengo la maduka la Southdale lenye uwanja wa ndani uliofunikwa, na katikati ya uwanja huo zikawekwa sanamu ndefu za chuma za Harry Bertoia zenye umbo la miti ya dhahabu. Zilikuwa palepale watu wanapopita na mifuko yao. Dallas nako, kwenye jengo la NorthPark lililofunguliwa 1965, mwenye jengo Raymond Nasher alikuwa mkusanyaji wa sanamu, akawa anaziweka kati ya maduka. Sisi hatuna uwanja wa ndani wenye kiyoyozi, majengo yetu mengi ni fremu zinazotazama barabara na korido ya mbele yenye nguzo, lakini kanuni ni ileile, tafuta sehemu ambayo watu wanasimama bila kulazimishwa. Kwetu hapa mara nyingi ni ukuta wa pembeni kwenye kivuli cha mwembe, au ukuta wa ngazi, au mbele ya yule anaeuza vocha na kahawa. Ukuta mkubwa unaotazama barabara kuu unavutia macho ya mwenye jengo, ila mara nyingi hakuna anaesimama pale zaidi ya sekunde tano.

Andika pia ukuta unatazama upande gani. Unaotazama magharibi utaupaka asubuhi, unaotazama mashariki utaupaka jioni. Ukigusa ukuta kwa kiganja ukasikia moto, usipake, rangi itakauka juu kabla haijashika ndani.

Hatua ya 2: Upime ukuta

Hapa ndipo penye kazi yenyewe kwahiyo usipite haraka.

Kipimo cha nailoni. Chukua nailoni inayoonyesha, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne pasiwe na upenyo hata kidogo, kiache usiku na mchana. Kesho yake ukikuta matone ndani ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Bandika vipande vitatu, kimoja sentimita 30 toka chini, kimoja usawa wa kifua, kimoja karibu na paa. Kikilowa cha chini tu, unyevu unapanda toka kwenye msingi. Kikilowa cha juu tu, tafuta bati linalovuja au gata lililoziba. Vikilowa vyote, lipu bado mbichi, rudi baada ya mwezi.

Kipimo cha kiganja. Pangusa ukuta kwa mkono mkavu, mkono ukitoka na unga mweupe kama wa chaki basi rangi ya zamani imechoka, ukipaka juu yake unapaka juu ya vumbi. Kuna unga mwingine ambao ni chumvi, huu unakaa kama sukari laini kwenye mistari au madoa, hasa sehemu ya chini ya ukuta. Chumvi usiioshe kwa maji! Maji yanaiyeyusha, inarudi ndani ya lipu, na ukuta ukikauka inatoka tena. Isugue kwa brashi kavu, ifagie, subiri wiki mbili, isugue tena, na wakati huo tafuta chanzo cha maji. Mara nyingi ni udongo uliorundikwa ukutani kupita usawa wa nailoni ya msingi, ile inayozuia maji yasipande toka chini, au mfereji uliokufa. Chimba huo udongo uutoe, ni kazi ya nusu siku na inaokoa mchoro wa miaka kumi.

Kipimo cha wembe, kwa ukuta uliopakwa zamani. Kata msalaba mdogo kwenye rangi, bandika selotepu, ibonyeze vizuri alafu ivute kwa nguvu. Ikija na vipande vya rangi, toa rangi yote kwa skrepa. Najua inachosha, ila rangi yako haiwezi kushika kuliko ile iliyoko chini yake.

Nyufa. Ufa mwembamba kama unywele unazibwa tu. Ufa unaotembea ni jambo lingine. Chora mistari miwili mifupi ya penseli kuukatiza, andika tarehe, pima upana wake, rudi baada ya wiki nne. Ukiongezeka, jengo linasogea na hiyo ni kazi ya injinia, usikubali kuufunika kwa mchoro.

Hatua ya 3: Ruhusa na makubaliano

Mwenye jengo akikubali haitoshi. Nenda manispaa ya Kigoma Ujiji, ongea na afisa utamaduni, na uliza pia kuhusu mabango, kwasababu mchoro ukiwa na nembo au jina la bidhaa unahesabika tangazo na tangazo lina ushuru wake. Mara nyingi kampuni inajitolea rangi alafu inataka nembo yake ukubwa wa mlango. Mimi nashauri jina la mfadhili likae chini kwenye kona, na kabla ya hata hilo kuandikwa manispaa wawe wamesema.

Kama unafanya hii kazi kwa kuendelea jisajili BASATA, hilo ndilo Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mambo ya haki ya mchoro yako chini ya COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukuta ni wa mwenye jengo, mchoro umetoka kichwani mwako, kwaiyo andikeni kwenye karatasi nani ana ruhusa ya kuchapa picha yake kwenye kalenda na tisheti, nani anatengeneza ukichubuka, na akitaka kuufuta akupe taarifa siku ngapi kabla. Ukurasa mmoja unatosha, sahihi mbili na shahidi. Chukua nusu ya pesa kabla ya kununua rangi, robo mchoro ukishahamishiwa ukutani, robo ya mwisho siku ya kukabidhi.

Hatua ya 4: Uchore nini

Sasa ndio tunafika huku. Watu wa Kigoma wana macho makali kwa vitu vyao, ukikosea wataona siku hiyohiyo na watakuambia.

Niliwahi kuchora wanawake wanaanika dagaa, kwenye ukuta wa fremu zinazotazama sehemu wanapokaa kina mama wa dagaa. Nikawa nimewachora dagaa wamepangwa mstari mmoja mmoja kama samaki wa sahani. Akaja bibi mmoja na beseni kichwani, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba mjukuu wangu, akasimama anatazama kwa muda, kisha akasema dagaa hawapangwi, dagaa wanamwagwa. Akashusha beseni, akachota kiganja kimoja akawamwaga juu ya kipande changu cha boksi. Nikaona kweli, wanalala kila mmoja na njia yake, matumbo yanageuka yanawaka, na ubavuni kuna mstari wa fedha ambao unaonekana tu ukiinamisha kichwa. Nilikuwa nimetumia rangi ya silva ya kopo. Nikaifuta. Silva ya kopo mwaka mmoja tu kwenye jua inakuwa kama majivu, dagaa wazuri unawapata kwa kijivu chenye bluu kidogo, alafu mstari mwembamba wa nyeupe safi, na doti moja nyeusi ya jicho. Ukirudi nyuma mita tano wanawaka wenyewe.

Kwaiyo ushauri wangu ni huu, peleka mchoro wa karatasi kwa wenye kitu chenyewe kabla haujaenda ukutani. Ukichora uvuvi wa usiku nenda Kibirizi kaongee na wavuvi, watakuambia kama unachora zamani basi ni karabai, ukichora leo ni taa za betri na sola, na watakuambia usichore mwezi mkubwa wa duara juu ya wavuvi wa dagaa kwasababu mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa na wengi hawaingii ziwani. Samaki nao, mgebuka usimchanganye na sangala. Kuhe ana umbo lake. Sokwe wa Gombe hana mkia, hili nalisema kwasababu nimeona ukuta mjini wenye sokwe mwenye mkia mrefu wa tumbili na watoto wa shule wanapita wanacheka. Jane Goodall alianza kuwatafiti sokwe wale mwaka 1960, dunia nzima inawajua, itakuwa aibu sisi wenyeji tuwakosee.

Kwenye historia ndio uwe makini zaidi. Meli ya Liemba watu wanaipenda sana na wana haki, ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924 na ikaanza kazi 1927 kwa jina la Liemba. Maana yake ukichora meli yenye bendera ya Mjerumani usiandike Liemba ubavuni, na ukiandika Liemba usiweke mizinga. Reli ilifika Kigoma 1914, kwaiyo usimchore Livingstone anashuka kwenye treni, yeye na Stanley walikutana Ujiji 1871, watu walikuwa wanatembea kwa miguu toka pwani.

Na hapo kwenye Ujiji nina neno. Kila mtu anataka kuchora wale wazungu wawili wanavua kofia chini ya mwembe. Mimi sikatai, ni tukio la kwetu na mnara wake upo. Lakini njia ile ya misafara ilibeba pembe na watu waliofungwa, na Ujiji ilikuwa na wenyeji wake, wafanyabiashara wake, wavuvi wake kabla ya 1871 na baada. Ukikaa na wazee wa Ujiji nusu saa utatoka na vitu vya kuchora kuta kumi. Vitenge vinavyovuka toka Kongo, mapipa ya mawese, mabehewa yanayoishia kwetu maana hapa ndio mwisho wa reli, rangi zote unazo.

Usichukue picha ya mtu mtandaoni ukaichora ilivyo, ina mwenyewe. Na usichore sura ya mtu anaetambulika, hata kama ni mama unaemfahamu sokoni, bila yeye kukubali.

Mwisho wa hatua hii: piga picha ya mchoro wako kwa simu, ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu. Ukiweza bado kuelewa kinachoendelea basi hata mtu wa kwenye bajaji ataelewa. Ukiona fujo, punguza vitu. Mara zote ni kupunguza, sijawahi kuona mchoro wa kwanza ambao ulikuwa na vitu vichache mno.

Hatua ya 5: Rangi na hesabu

Kwa ukuta wa nje tumia rangi ya maji ya nje, akriliki, ile madukani wanaita wezagadi. Sio ya ndani, ya ndani haihimili mvua, hata kama muuza duka anaapa. Watu wananiambia mbona wachoraji wa Tingatinga wanatumia rangi ya kung'aa na zinadumu. Ni kweli, mzee Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli, lakini alikuwa anachora kwenye vipande vya hadibodi. Hadibodi haina saruji wala haipandishi maji toka ardhini. Kama unataka ule mng'ao kwenye jengo la maduka, chora kwenye mbao, zifunge ukutani kwa skrubu na uache nafasi ya sentimita mbili hewa ipite nyuma. Chini ya korido yenye paa njia hii ni nzuri sana, na jengo likiuzwa mbao unazifungua unaondoka nazo.

Hesabu: tuseme ukuta ni urefu mita 12 na kimo mita 4, hiyo ni mita za mraba 48. Lipu yetu ya kawaida ina vinyweleo, lita moja inakula kama mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. 48 gawanya kwa 8 ni lita 6 kwa kila mkono. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, mkono mmoja lita 6, rangi ya msingi mikono miwili lita 12, kwaiyo nunua ndoo ya lita 20 ya rangi ya msingi ubaki na akiba ya kurekebishia. Za kuchorea, nyeupe ndio inayoisha kuliko zote, chukua galoni mbili, nyeusi lita moja inatosha, zingine galoni moja moja alafu changanya mwenyewe. Nyekundu kali na njano kali za bei rahisi zinakimbia na jua haraka, miaka miwili tu nyekundu imekuwa waridi. Nyekundu ya udongo, ile ya kama tofali, haiendi popote, na kwa bahati nzuri ndio rangi ya ardhi ya Kigoma. Ukichanganya rangi ya kutengeneza, mfano ule ubluu wa ziwa, changanya yote kwenye ndoo moja kwa siku moja. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza hata ufanyeje.

Hatua ya 6: Andaa ukuta

Fanya hii kazi mwezi wa sita mpaka wa nane. Skrepa, msasa, ziba nyufa (zifungue kwanza ziwe na umbo la V, puti haishiki kwenye ufa mwembamba), osha vumbi kwa maji safi pale pasipo na chumvi, acha siku tatu. Ukisaga rangi ya zamani vaa maski, na lowesha msasa ili vumbi lisiruke, rangi za zamani zingine zina madini ya risasi ambayo ni sumu, na watoto wanacheza hapo. Praima ya kuzuia alikali, ule ukali wa saruji, mkono mmoja. Alafu rangi ya msingi, mkono wa kwanza ongeza maji kidogo, wa pili bila maji.

Usipake rangi isiyopitisha maji kabisa kwenye ukuta ambao unyevu unapanda toka chini. Maji yatatafuta njia na yatatokea kwenye uso wa sokwe wako.

Mita moja ya chini iache nje ya mchoro mkuu. Huko ndiko kuna tope la mvua linaloruka, miguu ya watu wanaoegemea, mipini ya pikipiki. Pale weka mkanda wa rangi nzito, kahawia au bluu ya giza, wenye pambo rahisi kama la mkeka au kitenge, kitu ambacho ukikirudia kila mwaka hakuhitaji msanii.

Hatua ya 7: Miraba

Chora mchoro wako kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 20, hiyo ni ukuta wetu umegawanywa kwa 20. Kwenye karatasi piga miraba ya sentimita 2.5, ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa kamba ya chaki na pimamaji, utapata miraba 24 kwa 8, jumla 192. Ipe herufi kwa juu na namba kwa pembeni. Hapa unahamisha mraba mmoja mmoja, usitazame picha nzima, tazama mstari unaingilia wapi na unatokea wapi. Kijana asiejua kuchora akifundishwa hii kitu asubuhi, mchana anahamisha. Mimi napenda kuwapa vijana wa bodaboda wa palepale mraba mmoja mmoja wale wanaotaka, na miaka mitano baadae bado wanaonyesha wateja, huu mstari nimeuvuta mimi.

Kila ukimaliza safu vuka barabara utazame.

Hatua ya 8: Kupaka

Jukwaa kwanza. Milunda isiyo na nyufa, ifungwe kwa kamba mpya, miguu ikae juu ya mbao sio juu ya udongo mtupu, na mbao za kusimamia ziwe mbili au tatu kwa upana zilizofungwa. Ngazi ni ya kurekebishia tu. Weka kamba na alama chini, pale wateja wanapita na watoto.

Paka toka juu kwenda chini, toka mbali kuja karibu: anga, milima ya Kongo, ziwa, alafu mitumbwi, alafu watu, mwisho macho na mistari myembamba. Ziwa usilipake bluu moja. Ukitoka Bangwe asubuhi ukatazama, karibu na mwamba ni kijani cha chupa, mbele kidogo bluu, mbali kabisa ni kijivu kinachoshikana na mawingu. Anza na ile ya mbali, na kabla haijakauka ingiza ya kati kwa brashi pana iliyokaribia kukauka. Mtu mmoja anapaka na mwingine anafuata nyuma yake analainisha, ukifanya peke yako mpaka ugeuke imeshakauka.

Kwa ukuta wa mita za mraba 48 watu watatu ni kama wiki mbili bila haraka.

Vanishi: chini ya korido, ambapo mikono ya watu inafika, weka vanishi ya maji isiyong'aa baada ya wiki moja. Ya mafuta inageuka njano. Ukuta wa nje wenye historia ya unyevu usiuwekee vanishi kabisa, uache upumue.

Kwa wanaotaka sanamu

Kwa kifupi. Ile ya saruji juu ya nondo na waya wa kuku ndio inayowezekana kwetu. Nondo lazima ifunikwe na saruji ya kutosha, sentimita tatu na kuendelea, la sivyo itashika kutu, itavimba na kupasua sanamu toka ndani. Msingi wake uchimbwe, usiiweke juu ya vigae. Watoto watapanda, hilo lichukulie kama jambo la uhakika, kwaiyo hakuna ncha kali, na kimo ambacho mtoto akianguka haumii vibaya. Samaki mkubwa aina ya kuhe, aliekaa chini na mgongo mpana wa kukalia, atapendwa kuliko mtu mashuhuri aliesimama juu ya nguzo.

Baada ya kukabidhi

Kila mwezi wa tano mvua zikishaisha, mtu apite na sponji laini, maji na sabuni kidogo, aoshe toka chini kwenda juu alafu asuuze toka juu. Asitumie brashi ya kufulia. Mchubuko mdogo urekebishwe wiki hiyohiyo, maana palipochubuka ndipo maji yanapoingilia na ndipo watu wanapoanza kubandika matangazo.

Zile rangi zilizobaki usiondoke nazo. Zimimine kwenye makopo madogo yanayofunga vizuri, juu ya kila kifuniko paka doa la rangi yenyewe, andika kwa kalamu ya maka ilitumika wapi, "ziwa mbali", "ziwa karibu", "kitenge cha mama wa pili", na tarehe. Yageuze makopo kichwa chini ili hewa isiingie, yaweke kwenye boksi, mpe mlinzi wa jengo ayahifadhi chini ya ngazi pasipo na jua.

Na namba yako ya simu iandike ndani ya boksi.